Daftari la Mlangoni

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Najua neno hilo si la umri wangu. Wanaostaafu huwa na mvi na shamba walilolinunua mapema, nami nina shahada, mkoba mmoja, na mama anayeniuliza kila asubuhi kama kuna simu imeingia. Lakini mkataba wangu wa mwalimu wa mafunzo kazini, wa miaka miwili, uliisha Ijumaa iliyopita. Nilipewa leso mbili na soda, mwalimu mkuu akasema yale ambayo husemwa kwa watu wanaoondoka, na Jumamosi nilikuwa nyumbani kwetu Makueni, karibu na mji wa Wote, bila kengele ya kuniamsha. Kama huko si kustaafu, basi ni ndugu yake wa karibu.

Mwalimu atakayechukua meza yangu alinitumia ujumbe juzi: "Dada, niambie tu yale ya muhimu." Nilianza kumjibu kwa simu. Nilipofika ujumbe wa kumi na nne nikaona ni heri niandike vizuri, na ninyi wengine mnaoanza mwaka huu msome pia. Habari za kupandishwa cheo nitaziruka kwa sababu sikupandishwa. Za mshahara nitaziruka kwa sababu mnazijua. Ratiba iko ukutani. Ninachotaka kuwaeleza ni daftari moja la kurasa mia mbili, na kosa nililofanya nalo.

Shule yetu iko Kitui, kati ya Kabati na Migwani, kwenye kilima cha udongo mwekundu, wavulana na wasichana pamoja, wote wa bweni. Nilifika siku ya kwanza nikiwa na faili nzito. Ndani yake mlikuwa na maandalizi ya masomo ya muhula mzima, ramani ya madarasa niliyoichora kwa kukisia, na karatasi ya majibu ya maswali ambayo wanafunzi wangeweza kuniuliza. Kwa swali la "Madam, umeolewa?" nilikuwa na majibu matatu. Swali lenyewe lilikuja wiki ya sita, na nilitumia jibu lisilofaa.

Aliyenipokea ni Madam Kavata, naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wa kilimo. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, anatembea na gambuti mvua iwepo isiwepo, na hana subira na mtu anayefikiri amesimama. Alinionyesha meza yangu. Ilikuwa na miguu mitatu na tofali.

"Tofali hilo usiliondoe," alisema. "Mbona umenyamaza?"

"Nafikiria, Madam."

"Unafikiria nini?"

"Kama tofali likiteleza katikati ya somo—"

"Hufundishi juu ya meza, Mutheu. Fikiria kidogo, halafu kaa."

Wiki hiyo hiyo nikawekwa zamu. Mwalimu wa zamu hupewa filimbi, tochi na kitabu cheusi. Kitabu cheusi ni kile kinachoandikwa makosa ya wanafunzi, na mimi nilikiandika kama mtu anayefanya mtihani. Niliogopa kwamba nikiacha kosa moja, shule itaharibika na itasemekana iliharibika kwenye zamu yangu. Aliyechelewa kwa dakika mbili nilimwandika, na dakika zenyewe nikaziandika. Aliyecheka kwenye maombi nilimwandika, na aina ya kicheko nikaieleza.

Katika wiki mbili za kwanza nilimwandika mara mbili msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Mwikali, kutoka kijiji cha mbali cha Nuu. Mara ya kwanza alikuwa amempigia kelele mwenzake kwenye foleni ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe, kuhusu mwiko. Mara ya pili alibamiza mlango wa darasa hadi kioo kikalegea. Niliandika yote mawili kwa mwandiko mzuri, tarehe na saa, nikaenda kulala nikijiona mwalimu.

Hakuna aliyeniambia maana ya mstari wa tatu. Nilikuja kuisikia chumba cha walimu, watu wakinywa chai. Bodi ya shule ilikuwa imepitisha kwamba mwanafunzi yeyote akiandikwa kitabu cheusi mara tatu kwa hasira au vurugu, mzazi anaitwa na mtoto anatafuta shule nyingine. Mwikali alikuwa na mistari miwili, yote ya kalamu yangu. Kutoka Nuu kupata shule nyingine ukiwa kidato cha tatu, na barua ya vurugu mkononi, si jambo la kuchukua wiki moja. Huenda lisiwezekane kabisa. Mama yake alikuwa na mbuzi na watoto wanne wadogo, na Mwikali ndiye wa kwanza wao kufika sekondari.

Siku hiyo sikumaliza chai. Nilimfuata Madam Kavata kwenye bustani ya sukuma.

"Madam, naweza kufuta?"

"Kitabu cheusi hakifutwi."

"Basi nifanye nini?"

Aling'oa gugu moja, kisha akasema, "Umeshaona lile daftari la mlangoni?"

Nilikuwa nimeliona, nikadhani ni la wageni. Lilitundikwa kwa uzi wa katani kwenye msumari, nje ya mlango wa chumba cha walimu, na biro ilifungwa kwa uzi wake wenyewe. Madam Kavata ndiye aliyelianzisha, miaka kadhaa kabla yangu, baada ya kuchoka kutoa adhabu. Sheria zake zilikuwa nne na ziliandikwa ndani ya jalada. Unaandika kosa lako mwenyewe. Unaandika utafanya nini kulirekebisha, na lini. Huandiki jina la mtu mwingine, hata kama ndiye aliyeanza. Na ukiandika kabla jina lako halijaingia kitabu cheusi, kosa hilo haliingii tena.

"Na wakidanganya?" niliuliza.

"Wakidanganya wanadanganya kwa biro yao. Mimi nina mahindi ya kupalilia."

Nilisoma kurasa zote usiku huo, ingawa hakuna aliyenituma. *Nimelala kwenye somo la Kemia. Nitaomba kitabu cha jirani na kunakili kabla ya Alhamisi.* *Nimetumia maji ya mtu bila ruhusa. Nitamchotea mara mbili.* Wapo waliojaribu kuzunguka sheria ya tatu: *Nimegombana na mtu ambaye ni mrefu, anakaa kitanda cha juu, na ana kaka anayeuza simu Migwani.* Madam Kavata alikuwa ameandika chini yake kwa wino mwekundu: "Huyo mrefu sijamuuliza. Wewe mfupi umefanya nini?"

Sitawadanganya kwamba daftari lilikuwa likienda sawa siku zote. Muhula huo huo, chama cha Wakristo cha shule kilikuwa na mkutano wa wikendi nzima, na mhubiri alitoka mjini. Jumatatu asubuhi kulikuwa na foleni kwenye daftari. Nilipolifungua nilikuta limegeuka ibada ya ushuhuda. Kila mtu alianza na salamu katika jina la Bwana, akashukuru kwa nafasi, kisha akaungama kila alichowahi kufanya tangu azaliwe. Mmoja alikuwa ameiba mayai ya susu wake, yule mama mzaa mama, akiwa darasa la tatu, akamsingizia kuku kwamba ameacha kutaga. Kuku alichinjwa. Aliyefuata, ili asipitwe, alikuwa na mbuzi. Kufikia Jumanne walikuwa wakishindana, na kijana mmoja alijaza kurasa mbili na nusu na kuahidi sehemu iliyobaki kesho yake.

Mimi nilisoma yote na nikawaza kama natakiwa kuwapigia simu wazazi wa yule wa mbuzi.

Madam Kavata alisimama kwenye gwaride na gambuti zake. "Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!" shule nzima.

"Nimefurahi mmeokoka. Daftari ni la makosa ya shule hii, na ya wiki hii. Kuku wa darasa la tatu mpelekee susu mwenyewe, likizo iko karibu. Na aliyesema ataendelea kesho, asiendelee."

Nikarudi kwa Mwikali. Nilimwita nyuma ya maabara, mahali ambapo kuna benchi, nikamwambia ukweli kwamba mistari ile miwili niliiandika mimi na sikujua uzito wake. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Aliyakata.

"Ni sawa, Madam. Mlango niliubamiza kweli."

"Hasira hiyo huja vipi? Unaiona ikija?"

Akafikiri. Ni msichana mrefu, mtulivu ukimkuta ametulia, anayependa hesabu na anayesuka wenzake nywele Jumamosi. "Haibishi hodi, Madam," alisema. "Nikishtuka iko ndani imekaa, na mimi ndiye nimesimama."

Nilimwambia tujaribu jambo moja: akiisikia tu, kabla ya kusema neno lolote, aanze kutembea kwenda kwenye daftari. Asiongee na mtu njiani. Akifika aandike.

"Na nikifika na sina kosa?"

"Basi rudi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jibu la hesabu ni sifuri, lakini alikubali. Na alijaribu. Muhula wa kwanza aliandika mara sita au saba. *Nimemwambia mtu neno baya. Nitamwomba msamaha kabla ya chakula.* *Nimetaka kumpiga mtu. Sijampiga. Sijui kama hili ni kosa.* Madam Kavata aliandika chini ya hilo: "Si kosa. Kazi nzuri." Mimi nilikuwa nikimwona kutoka dirisha la chumba cha walimu akipanda kijia kinachotoka mabwenini, mikono imekunjwa, shingo mbele, na nilikuwa naacha kusahihisha hadi afike.

Muhula wa pili pampu ya kisima iliharibika. Mkiwa Kitui mtaijua hali hiyo bila kuelezwa. Maji yalikuwa ya tangi moja, chini karibu na mabweni, na kila mwanafunzi alipata mtungi mmoja wa lita ishirini kwa siku mbili. Utaratibu wa foleni ni wa tangu zamani: watu hawasimami, mitungi ndiyo inasimama. Unaweka mtungi wako nyuma ya wa mwisho, unaenda kusoma au kufua, na unarudi zamu ikikaribia. Mtungi uliosimama ni sawa na mtu aliyesimama. Kuusogeza wa mwenzako nyuma ni tusi, na ni tusi ambalo kila mtu hapa amelelewa kulijua.

Katikati ya ukame huo Madam Kavata alienda semina Machakos kwa wiki moja. Aliniachia daftari. "Usifanye chochote," alisema. "Lisome jioni, basi."

Sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Jumatatu niliona kwamba ugomvi mwingi unatokea kwenye tangi. Niliona pia kwamba daftari liko juu kabisa, mlangoni, na mtu anayetoka tangini kwenda kuandika anapoteza muda, anapoteza nafasi ya kufua, na wengine bila shaka wanakata tamaa njiani. Niliwaza usiku kucha. Nikaandika faida saba na hasara mbili, na hasara zote mbili zilihusu mvua, ambayo haikuwepo. Jumanne asubuhi nikapigilia msumari kwenye nguzo ya tangi, nikahamisha daftari. Nilijisikia vizuri kwa siku moja na nusu.

Jumatano, saa kumi jioni, nilikuwa chini ya nguzo ile ile nikikagua foleni pamoja na Halima, kiranja wa maji. Halima anatoka Mwingi, baba yake ana duka, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuhudumia wateja watano kwa pamoja. Mwikali akarudi kutoka kamba za nguo. Mtungi wake wa njano, wenye kifuniko cha buluu, aliuacha wa nne. Aliukuta wa kumi na tisa.

"Nani amesogeza mtungi wangu?"

Ndanu, wa darasa lake, ambaye mtungi wake sasa ulikuwa wa nne, akasema bila kugeuka, "Ulikuwa umelala. Mtungi umelala haujasimama."

"Ulilala wenyewe?"

"Muulize mtungi."

Watu wakacheka. Nikamwona Mwikali akivuta pumzi na kugeuka, tayari kutembea, kama tulivyokubaliana. Alipogeuka daftari lilikuwa hapo hapo mbele ya uso wake. Hakuwa na mahali pa kwenda. Akashika biro na kuandika, kwa nguvu, na Ndanu akaja nyuma yake kusoma.

"Ati umeandika jina langu? Madam, ameandika jina langu! Sheria ya tatu!"

"Toka nyuma yangu, Ndanu."

"Andika na la baba yangu pia. Nikusaidie?"

Sikuwahi kuona uzi wa katani ukikatika haraka namna ile. Mwikali alilirusha daftari. Sidhani alilenga mtu. Lilipita juu ya kichwa cha Ndanu, likafunguka hewani, likatua katika karai lililojaa maji, likazama.

Halima akachungulia ndani ya karai.

"Madam," alisema, "daftari limeoga kabla yetu."

Nilimwona mwalimu mkuu akiwa amesimama njiani, karibu na jikoni. Alikuwa ameona. Ni mtu mpole, lakini anapenda sheria zifuatwe zikiwa zimeandikwa, na za bodi ziliandikwa. Akaniita pembeni.

"Huo ni mstari wa tatu, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kuharibu mali ya shule kwa hasira, mbele ya mwalimu. Andika. Nisome kwenye gwaride la saa kumi na moja na nusu."

Nilienda kuchukua kitabu cheusi. Katika kichwa changu nilikuwa tayari nimefika Nuu, nikimweleza mama mwenye mbuzi kwamba mtoto wake amefukuzwa kwa sababu mimi nilipenda kurahisisha mambo. Nilipofika kwenye mlango wa chumba cha walimu nilimkuta Mwikali ameketi kizingitini. Daftari lilikuwa mapajani, linamwaga maji kwenye sketi yake. Alikuwa akilia bila sauti.

"Nimetembea mpaka hapa, Madam," alisema. "Kama tulivyosema. Nilipofika nikaona hakuna daftari. Halafu nikakumbuka ninalo mkononi."

"Unataka kuandika?"

"Biro haiandiki. Karatasi inararuka."

Nilitazama saa. Ilikuwa kumi na dakika arobaini. Kitabu cheusi kilikuwa kwapani mwangu, na mstari wa tatu ulikuwa bado hewa tu. Nakumbuka nikiwaza kwamba sheria ya nne haisemi lolote kuhusu daftari lililolowa. Nikaanza kuwaza kama ningeweza kulihesabu kosa kuwa limeandikwa kwa nia. Kisha nikasikia sauti ya Madam Kavata kichwani, ikisema nifikirie kidogo, halafu nikae.

Sikukaa. Nilikimbia kwa matroni na kumwomba pasi ya makaa.

Tulikuwa tumeweka ukurasa mmoja juu ya kanga kwenye meza yangu ya tofali, Mwikali ameshikilia kingo, mimi napitisha pasi polepole, mvuke unapanda, Ndanu alipotokea mlangoni. Alikuwa amebeba mtungi wa njano, umejaa. Akauweka chini.

"Nimekuchotea," alimwambia Mwikali.

"Sikukuomba."

"Najua. Haukuwa umelala, mtungi. Niliulaza mimi." Akatazama meza. "Pasi hiyo itaunguza hapo pembeni. Nyanyua kidogo, Madam. Nyinyi hamjawahi kupiga pasi karatasi?"

Sikuwahi, na nilimwambia hivyo. Akachukua pasi. Ndanu ana mkono mwepesi, na ndani ya dakika chache ukurasa ulikuwa umekauka, umekunjamana kama uso wa mtu aliyeamka, lakini unaandikika. Mwikali akanyoosha mkono kuchukua biro. Nikamwambia angoje. Kwa mpangilio, kosa la kwanza lilikuwa langu.

Niliandika: *Mimi, Mutheu, mwalimu, nimehamisha daftari bila kumuuliza mwenyewe. Nitalirudisha leo. Nitapanga mtungi wangu kwenye foleni na wanafunzi hadi pampu itengenezwe.* Mwikali akafuata: *Nimeandika jina la mtu na nimetupa daftari majini. Nitakausha kurasa zote.* Ndanu akaandika wa mwisho: *Nimesogeza mtungi na nimesema uongo juu ya mtungi. Nitapiga pasi pamoja naye.* Hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina.

Mwalimu mkuu alikuja saa kumi na moja na robo. Alisoma ukurasa, akaugusa, akanusa moshi wa makaa. "Hii ni janja," alisema.

"Ni sheria ya nne, Mwalimu. Kitabu cheusi hakijaandikwa."

"Sheria ni ya naibu wangu. Mpigie yeye."

Nikampigia Madam Kavata, nikaweka simu isikike na wote. Nilimweleza kila kitu, kuanzia faida saba. Upande wa pili tulisikia watu wakila.

"Ukurasa umekauka?" aliuliza.

"Umekauka."

"Unasomeka?"

"Unasomeka, Madam," mwalimu mkuu mwenyewe alijibu, na nikaona amekwisha kulegea.

"Basi umeandikwa. Mutheu, ulilihamisha kwa nini?"

"Niliona ni mbali, Madam. Kutoka tangini hadi mlangoni ni mbali sana."

"Ni mbali, ndiyo. Ni hatua mia mbili na kumi. Nilipima." Akamalizia kutafuna. "Mwanzo nililiweka bwenini, wakapigana nalo. Nikalisogeza jikoni, wakaandika matusi. Nikaendelea kulisogeza mpaka wakaanza kufika wamepoa. Wewe unadhani ni daftari ndilo linafanya kazi?"

Mwikali aliinamisha kichwa, na nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka. Mwalimu mkuu alichukua kitabu cheusi kutoka mezani, akakiweka kwapani mwake, akaenda kwenye gwaride kusoma matangazo ya mpira.

Nilipanga foleni kwa wiki tano. Nitakushauri hivi, wewe unayechukua meza yangu: fanya hivyo hata kama pampu ni nzima. Utajua mambo ambayo chumba cha walimu hakiyajui. Utajua nani anamchotea nani, nani anaweka jiwe ndani ya mtungi ili upepo usiulaze, na jinsi inavyouma kurudi ukakuta wako umeenda nyuma. Wangu ulisogezwa mara nne. Mara ya kwanza nilitunga hotuba nzima kichwani kuhusu heshima kwa walimu, nikaanza kupanda kijia niende kuandika kwamba nimetaka kutoa hotuba. Kufika kwenye mti wa mwarobaini ulio katikati ya kijia, hotuba ilikuwa imebaki utangulizi.

Chaki ziko ndani ya kopo la maziwa, kabati la chini. Tofali liko imara, nimeishi nalo miaka miwili. Pasi ya makaa mrudishie matroni siku ile ile. Msumari nilioupigilia kwenye nguzo ya tangi nimeshindwa kuung'oa. Ukiuona, usitundike kitu.

Mwikali hakupata mstari wa tatu. Mwaka wa pili, akiwa kidato cha nne, aliandika mara mbili tu, na mara zote ilikuwa usingizi. Lakini nilikuwa nikimwona dirishani bado anapanda kijia kile. Anatoka tangini kwa kasi, anapunguza kwenye mwarobaini, anafika, anashika biro, anasimama. Kisha anaiachia ining'inie na kurudi chini.

Ijumaa yangu ya mwisho, kidato cha nne walikuwa katikati ya mtihani wa taifa. Mwikali alikuwa amefanya Hesabu asubuhi na alibakiwa na karatasi chache. Nilikuwa nimeweka mtungi wangu kwenye foleni, kwa mazoea, na nilikuwa na hofu ya ile sherehe ya soda: nitasema nini, nikilia je, nisipolia watafikiri nini. Nikapanda kwenda mlangoni. Nilimkuta amesimama mbele ya daftari na biro mkononi.

"Umekosa nini?" nikamuuliza.

"Sijui, Madam. Kule chini nilikuwa nimekasirika sana. Sasa nimesahau sehemu kubwa." Akarudisha biro. "Na wewe?"

"Mimi pia imeniishia njiani."

Tukashuka pamoja bila kuandika. Tulipofika tangini, mtungi wangu niliouacha wa pili ulikuwa wa mwisho kabisa, na hakuna mtu aliyekuwa akitutazama, wote ghafla wakiwa na kazi nyingi. Mwikali aliutazama mtungi, akanitazama mimi.

"Madam," alisema, "turudi tena?"